Bei Njoo Inboksi

Oktoba 2024 kamati ya sendofu ya mpwa wangu ilinipa kazi ambayo mwenyekiti aliitaja kana kwamba ananituma chumvi dukani: tafuta mpambaji. Tulikuwa nyuma ya baa moja ya Sinza, viti vya plastiki vimezungushwa, daftari la ahadi liko mbele ya mhazini. Chakula kilishapata mtu, MC alishapatikana, ukumbi ulishalipiwa advansi. Mapambo yalitengewa shilingi milioni 2, wageni 300, siku zilizobaki 40. "Katibu," mwenyekiti akasema, "wewe si mtu wa magazeti? Ingia huko mtandaoni, Jumapili utuletee watu watatu na bei zao."

Nikaingia. Usiku ule niliona maua mengi kuliko niliyowahi kuyaona tangu nizaliwe, nikatoka sijui lolote. Kila ukurasa wa Instagram niliofungua ulikuwa bustani: mapazia yanayoshuka kutoka darini, vinara vya kioo, viti vya dhahabu vimepangwa kama askari wa gwaride. Chini ya kila picha kuna mtu kauliza bei, na chini ya kila swali kuna jibu lile lile: njoo inboksi, mpendwa.

Nikaenda inboksi. Wa kwanza alinijibu baada ya siku mbili, tena kwa swali: "Ukumbi gani?" Nikautaja. Ni ukumbi unaojulikana mjini kuwa wa watu wenye nafasi, na bei ikaja milioni 4. Kesho yake nikamwandikia kwa simu ya mke wangu, nikataja ukumbi wa kawaida wa Tabata wenye ukubwa ule ule, wageni wale wale. Milioni 2 na laki 2. Wa pili hakujibu kabisa hadi leo. Wa tatu alikuwa na picha moja iliyonivutia sana, upinde wa maua meupe wenye duara la taa katikati, nami nikaiweka akiba ili nikawaonyeshe wanakamati. Kabla sijafika kwao nikaiona tena kwa mpambaji wa nne. Halafu kwa wa sita. Nikaikuza picha ile hadi pembeni. Nje ya dirisha kulikuwa na theluji.

Jumapili nilirudi mikono mitupu. Nikajieleza, na mama mmoja wa mtaani kwetu aliyekuwa mjumbe akacheka hadi akashika meza. "Mpambaji? Si huyo wa nyumba ya tatu kutoka kwako!"

Kweli. Kwa miaka nilikuwa naona Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kikipakia vyuma na mabunda ya vitambaa alfajiri ya Jumamosi, nikidhani ni biashara ya mahema. Alikuwa amepamba sendofu, kicheni pati, harusi na vipaimara kwa miaka 11. Kazi zake zilikuwa wapi siku zote nilipokuwa nazunguka mtandaoni? Kwenye stetasi ya WhatsApp. Stetasi hufutika baada ya saa 24, na huonwa na waliohifadhi namba yako tu, maana yake watu wanaokujua tayari. Mwanamke huyu alikuwa akijitangaza kila wiki kwa wateja aliokwisha kuwapata.

Sendofu aliipamba yeye na fedha ikabaki. Sina haja ya kuieleza sherehe yenyewe. Nilichobaki nacho ni deni la udadisi: mtu anayejua kazi kiasi hiki anakuwaje haonekani, na asiyejua, mwenye picha ya theluji, anaonekana mara tatu kwa usiku mmoja?

Nilipomuuliza alinijibu kwa methali, kama nilivyoogopa. Anamwita mke wangu dada, hivyo mimi kwake ni shemeji. "Shemeji, chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Nikamjibu kwa msemo wa sokoni kwamba biashara ni matangazo, tukawa tumefungana moja kwa moja. Lakini baadaye, stoo kwake, amekaa juu ya rundo la nguo za viti, alikiri kwamba methali ile ilikuwa ngao tu. Alishajaribu tovuti mara mbili na mara zote mbili aliumia.

Mara ya kwanza alimlipa kijana mmoja, fundi wa kompyuta. Tovuti ikatoka, nzuri, ina muziki unaoanza wenyewe ukifungua. Mwaka ulipoisha haikufunguka tena. Jina la tovuti, wenyewe wanaliita domeni, lilikuwa limesajiliwa kwa jina la kijana na barua pepe ya kijana, na kijana hapatikani. Muda wa jina ukaisha, hakuna aliyepata taarifa ya kulipia, na kadi za biashara 500 alizochapisha zikawa zinampeleka mteja kwenye ukurasa mweupe. Mara ya pili alisaidiwa na binti yake kutengeneza ukurasa wa bure ambao Google ilikuwa ikiwapa wenye biashara kupitia wasifu wao kwenye ramani. Huo nao ulimfaa kwa muda, hadi Machi 2024 Google ilipozifunga tovuti hizo zote, duniani kote.

Ndipo nilipoelewa kwa nini alibaki na stetasi. Hakuna aliyemfukuza huko. Ila hata huko ni kwa watu. Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kuanzia jioni kwa saa zetu, zikakaa gizani karibu saa sita. Yeye anaikumbuka siku ile kwa sababu alikuwa anasubiri mteja amtumie rangi. Biashara yake yote, picha, bei, maongezi na wateja, ilikuwa ndani ya nyumba ambayo ufunguo anao mtu mwingine, tena mtu asiyejua kama jirani yangu yupo duniani.

Tulikubaliana tujaribu mara ya tatu, nami nikajitolea kusaidia kuandika. Muda wa kazi ulijileta wenyewe. Mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresma ziliingia wiki moja, mwanzoni mwa Machi. Kwa wapambaji wa Dar es Salaam hicho ni kitu kama kupatwa kwa jua: Waislamu wamesimamisha harusi, Wakatoliki wamesimamisha harusi, Kirikuu kimelala chini ya mwembe. Mafundi wake wawili waliomba ruhusa wakaenda kijijini. Tukawa tunakaa barazani baada ya futari yake, kompyuta ya binti yake katikati, kahawa na kashata pembeni.

Jambo la kwanza lilikuwa jina. Majina yanayoishia na .tz yana mamlaka yake inayoyasimamia, nawe jina hulinunui kwake moja kwa moja. Unakwenda kwa msajili aliyeidhinishwa, unachagua, unalipia kwa mwaka. Fedha yenyewe haifiki tangi moja la mafuta ya Kirikuu. Safari hii jina lilisajiliwa kwa jina lake, barua pepe yake, namba yake, na nywila akaiandika kwenye daftari lile lile analoandikia madeni, ambalo halijawahi kupotea. Fundi wa tovuti, awe kijana au kampuni, anapewa ruhusa ya kuingia na kufanya kazi. Hati ya kiwanja hapewi.

Kuhusu jina lenyewe tulivutana. Alikuwa anataka neno la Kiingereza lenye maana ya ufahari, limeandikwa kwa herufi K mahali pa C na alama ya mkazo juu ya herufi ya mwisho, kwa kuwa aliona wenzake wanafanya hivyo. Nikamwomba alitamke kwa simu kwa mama yake mzazi, aliye Tanga, kisha mama aliandike kwenye karatasi na kulipiga picha. Karatasi ilirudi na neno lingine kabisa. Tukaacha. Jina likawa la Kiswahili, maneno mawili, yanayoandikwa kama yanavyosikika, maana MC atakapolitaja ukumbini saa nne usiku huku spika zinakoroma, mgeni aliyeko meza ya 28 aweze kuliandika bila kuuliza.

Picha ndizo zilizotuchukua muda mrefu kuliko yote. Hapa nikae kidogo, maana nadhani tovuti ya mpambaji inasimama au inaanguka hapa.

Alikuwa na picha zaidi ya 2,000 kwenye simu mbili na kadi moja ya kumbukumbu. Tulipozipitia, zilizofaa hazikufika 60. Nyingi zilipigwa sherehe ikiwa imepamba moto: vitambaa vizuri, lakini mbele yake kuna chupa za soda zilizonywewa nusu, mtu anakula, mtoto analia, mgongo wa MC. Nyingine zilikuwa nzuri lakini haziwezi kuwekwa hadharani. Kicheni pati ni jambo la wanawake peke yao, na katika nyumba nyingi za Kiislamu za huku pwani mwanamke aliyejifunua kwa wanawake wenzake hakutarajia uso wake uonwe na wanaume wa mtandaoni. Jirani yangu analijua hilo kuliko sheria yoyote. Hata hivyo sheria nayo ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sura ya mtu inayotambulika pichani ni taarifa zake. Bibi harusi amekulipa umpambie ukumbi, hajakuuzia uso wake. Kwa hiyo tukaongeza sentensi mbili kwenye fomu ya makubaliano, mteja anachagua: picha za ukumbi tu, au na maharusi. Wengi huchagua ukumbi tu, na kwa mpambaji hiyo ndiyo bora.

Kilichobadilika ni ratiba. Zamani alikuwa anamaliza kupamba dakika za mwisho kabisa, wageni wa kwanza wakiingia yeye anachomoa ngazi. Sasa amejiwekea kumaliza saa moja mapema, taa zote ziwashwe kama zitakavyokuwa usiku, kisha ukumbi ufungwe kwa robo saa. Picha ya kwanza hupigwa kutoka mlangoni, pale anaposimama mgeni anapoingia. Ya pili meza kuu, kwa kimo cha mtu aliyeketi. Ya tatu meza moja ya wageni kwa karibu, ionekane nguo ya kiti imebanwa au inaning'inia, kwa sababu mama wa kamati huangalia hapo kwanza. Halafu kuna ile ya ukumbi mtupu, iliyopigwa kabla haujaguswa, ukuta umechubuka, feni imepinda. Picha hii ya mwisho alikataa kuiweka. "Shemeji, utawaaibisha wenye ukumbi." Tukapatana kuficha jina la ukumbi kwenye zile za kabla na kulitaja kwenye zile za baada. Nikuambie ukweli, kurasa zenye jozi hizo, ukumbi mtupu na ukumbi ule ule umevaa, ndizo watu wanazokaa nazo kuliko nyingine zote. Mtu akiona ufa wa ukutani umefunikwa na pazia anaamini, kwa sababu hakuna mwenye picha ya kuiba anayeweza kuleta ufa.

Na hapo ndipo theluji inapokosa nguvu. Pinterest ilipoanza mwaka 2010 iliwapa wapambaji wa dunia nzima kabati moja la kuchungulia, na hakuna ubaya kuchungulia. Mteja mwenyewe huja na picha kutoka huko. Ubaya ni kuifanya yako. Kamati iliyolipia upinde wa maua bichi ikakuta maputo na maua ya plastiki ya Kariakoo haiendi polisi, inaendelea na sherehe kwa uchungu, lakini inasema. Inasema msibani, kwenye vikoba, kwenye kamati nyingine. Tovuti ya jirani yangu ina ukurasa unaoonyesha kushoto picha aliyokuja nayo mteja na kulia kile kilichotoka, vitu vinavyotofautiana vimetajwa kwa maneno: pale waridi lilikuwa bichi, hapa ni la kitambaa, bei imeshuka kwa sababu hiyo.

Bei. Hapo tuligombana hasa.

Wapambaji wana sababu za kuificha na si zote za hila. Ukumbi wenye dari refu unakula vitambaa mara mbili. Kumbi nyingine zina wapambaji wao, na wa nje hutozwa ada ya kuingia. Kuna kumbi zinazotoa funguo saa sita mchana kwa sababu kulikuwa na semina, basi unahitaji watu kumi badala ya watano. Waridi bichi kutoka Arusha linaletwa usiku na lina bei yake ya Februari na bei yake ya Julai. Mpambaji akitaja namba moja hadharani, anaogopa itamfunga. Na anaogopa jambo la pili ambalo halisemwi: mwenzake wa mtaa wa pili ataiona, ataandika pungufu kwa elfu hamsini.

Nikamwambia mimi nilikuwa katibu. Katibu wa kamati hatafuti bei ya mwisho. Anatafuta kujua kama anapoteza muda. Ana milioni 2, anataka kujua kama mlango huu ni wa milioni 2 au wa milioni 10, na anataka kujua saa tano usiku, ameshalaza watoto, hana nguvu ya kuchati na mtu anayemwita mpendwa. Alinyamaza. Akachukua daftari la madeni, akaanza kupiga hesabu kwa sauti: wageni 300, meza za watu kumi, hizo ni meza 30. Nguo za viti 300. Viti vya Chiavari kama mteja anavitaka, ambavyo unavikodi kwa kichwa. Nikamwambia viti vile asili yake ni mji wa Chiavari huko Italia, alivibuni seremala aitwaye Giuseppe Gaetano Descalzi mwaka 1807. Akanitazama. "Na leo viko Tabata vinakodishwa," akasema, akaendelea kuhesabu.

Kilichotoka kwenye daftari kikawa ukurasa wa bei. Kuna ngazi tatu, kila moja na neno "kuanzia", idadi ya wageni, na orodha ya kilichomo. Chini yake, kwa maandishi makubwa yale yale, kuna orodha ya kisichokuwemo: ada ya ukumbi kwa mpambaji wa nje, usafiri nje ya jiji, jenereta, maua bichi. Orodha hii ya pili ndiyo niliyoipigania zaidi. Ugomvi mwingi kati ya mpambaji na familia hautokani na bei. Unatokana na kitu ambacho kila upande ulidhani upande wa pili unakilipia. Mwisho wa ukurasa kuna Jumamosi za mwaka, zilizoshikwa zimekatwa mstari. Mteja anajua kabla ya kupiga simu. Na pale pa malipo hakuna namba ya simu ya mtu bali Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, ili anayetuma advansi aone jina linalotokea kwenye simu yake ni lile lile alilolisoma juu ya tovuti. Advansi wapambaji huiita kishika uchumba, kwa utani, lakini wanaofungua tovuti na kupotea na kishika uchumba cha watu si utani, nao wamewaharibia wengine jina.

Kwa lugha sikuwa na subira. Rasimu ya kwanza ya binti yake ilikuwa Kiingereza kitupu, cha aina ile inayosifu bila kusema: ndoto, ufahari, kumbukumbu zisizosahaulika. Nikamwomba aniazime simu, nikaandika kwenye Google kile ambacho ningeandika mimi katibu: mapambo ya sendofu bei Dar es Salaam. Kurasa nyingi zilizokuja hazikuwa na jibu, kwa sababu wenye biashara wameandika Kiingereza na wateja wanatafuta Kiswahili. Watu hutafuta kwa maneno ya midomo yao. Wanaandika sendofu, wanaandika send off kwa maneno mawili, wanaandika mapambo ya ukumbi, wapambaji Tabata, bei ya kukodi viti vya harusi. Basi kila aina ya sherehe ikapewa ukurasa wake wenye maneno hayo, sentensi za kawaida, zinazojibu: sendofu, kicheni pati, harusi, kipaimara, maulidi, siku ya kuzaliwa, mahafali. Ukurasa wa kipaimara una aya nne tu na sijui kwa nini ndio unaoleta simu nyingi. Pengine wenzake hawakufikiria kuuandika.

Picha nazo zina majina. Simu huziita kwa herufi na tarakimu zisizo na maana. Zikibaki hivyo haziisaidii Google kujua kilichomo. Zikaitwa kwa kilichomo, mahali na rangi. Halafu tukazipunguza uzito, jambo ambalo wapambaji hulisahau kwa sababu wao picha wanaziona zikiwa tayari ndani ya simu yao. Picha moja ya simu janja ya sasa ina megabaiti 4 kirahisi. Ukiweka 30 kwenye ukurasa mmoja umempa mteja megabaiti 120 za kufungua, na bando ni lake. Tulizishusha hadi chini ya kilobaiti 200 kila moja, na jicho la binadamu kwenye kioo cha simu halikuona tofauti. Muziki unaoanza wenyewe uliondoka bila mjadala. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ya Tanzania ikawa inatambaa, tovuti nyepesi zilifunguka kwa taabu na nzito hazikufunguka kabisa. Jirani yangu alikuwa hana tovuti wakati ule, lakini nilimtolea mfano huo mara nyingi kiasi kwamba binti yake akianza kuongeza vikorombwezo anajikumbusha mwenyewe: nyaya za baharini, baba mdogo.

Tovuti ikawa hewani wiki moja kabla ya Idi. Wiki mbili zikapita, kimya. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, maana wanadhani tovuti ni duka la barabarani, kumbe ni duka la kwenye kichochoro: anayefika ni aliyeelekezwa.

Mwelekezaji wa kwanza alikuwa ramani. Wasifu wa biashara kwenye Google ni bure, na kwa mtu anayefanyia kazi nyumbani una jambo zuri: anaweza kuficha anwani na kutaja maeneo anayohudumia tu, ili asije akagongewa geti na wageni saa mbili usiku. Uthibitisho safari hii ulihitaji video, akairekodi stoo yake, vyuma, vitambaa, vinara, na Kirikuu chenye jina la biashara ubavuni. Baada ya hapo alitaka kuwapa punguzo wateja watakaomwandikia sifa kwa nyota tano. Nikamzuia, kwa kuwa Google hairuhusu kulipia maoni, na kwa kuwa maoni 40 yanayosema "huduma nzuri" siku moja yananuka. Badala yake anatuma kiungo kwa mhazini wa kamati siku ya tatu baada ya sherehe, kabla kamati haijavunjwa. Mhazini ndiye anayekumbuka fedha ilikwenda wapi, na mhazini akisifu, kamati nyingine inasikiliza. Kuna mmoja alilalamika kwamba kitambaa cha meza kuu kilikuwa na doa. Jirani yangu alitaka lalamiko lifutwe. Mwishowe akajibu, akakiri doa, akasema alirudisha kiasi gani. Sasa wateja wanamtajia lile jibu kwenye simu.

Matangazo ya kulipia alishajaribu zamani, akapata sifa kutoka Mwanza na Mbeya, ambako Kirikuu chake hakifiki. Kosa lilikuwa kutangaza kwa nchi nzima. Akitangaza sasa anachagua jiji, na miezi miwili kabla ya msimu, si msimuni. Zaidi ya hapo sina la kusema juu yake.

Lenye thamani zaidi halina uhusiano na kompyuta. Mpambaji hukutana kila Jumamosi na watu wale wale: meneja wa ukumbi, MC, mpiga picha, mtu wa keki, mtu wa chakula. Kila mmoja wao huulizwa na kamati, "unamjua mpambaji?" Zamani walikuwa wanatoa namba ya simu, na namba haionyeshi kitu. Sasa wanatuma kiungo, na kiungo kinaonyesha ufa uliofunikwa. Yeye naye kwenye tovuti yake, kila kazi ameandika nani alipiga picha, nani alioka keki, na viungo vya kurasa zao. Mpiga picha mmoja alipoona jina lake pale, akaanza kumpa picha zilizosafishwa bila kudai malipo.

Halafu kuna namba za meza. Kila meza ya sherehe huwa na kikadi chenye namba, na nyuma yake ni patupu. Jirani yangu aliweka pale msimbo wa QR, mdogo, kwa ruhusa ya mwenye sherehe. Misimbo hii ilibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, na sidhani kama walifikiria sendofu. Lakini fikiria mgeni wa meza ya 28. Kadi ilisema saa kumi na mbili, saa mbili na nusu maharusi hawajaingia, chakula kiko mbali, simu iko mkononi. Ana binti nyumbani anayekaribia kuposwa. Atakigeuza tu kile kikadi.

Desemba niliitwa na jirani yangu nimsaidie kubeba kompyuta hadi ukumbi mmoja wa Kinondoni, Jumamosi ya tarehe 20. Kazi ile ilikuwa imekuja kupitia ukurasa wa bei: ujumbe mmoja, saa tano na dakika kumi usiku, kutoka kwa katibu wa kamati asiyemjua mtu yeyote kati yetu. "Tumeona bei. Tarehe 20 iko wazi?" Nilipofika saa kumi na nusu jioni, ngazi zilikuwa zimeshatoka, taa zote zinawaka, na mlangoni kulikuwa na akina mama wanne wenye vitenge vya sare wamebeba masufuria ya vitafunwa, wamekasirika. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikagonga. Sauti ya jirani yangu ikatoka nyuma ya mbao, ya heshima kabisa, lakini komeo halikusogea.

"Dakika tano, shangazi. Sijapiga picha bado."